Mshono wa kwanza uwekwe wapi? Mwongozo kamili wa kuanza kazi ya kudarizi kwa mishono ya msalaba

Kwa mtu anayedarizi maua juu ya kitambaa kilichokwisha kupigwa chapa, swali la mahali pa kuanzia halina uzito mkubwa, kwa sababu mchoro upo na sindano inaufuata. Kudarizi kwa mishono ya msalaba kwa kufuata chati, yaani mchoro wa visanduku ambamo kila kisanduku ni msalaba mmoja, ni kazi ya namna nyingine. Kitambaa ni kitupu, chati imewekwa pembeni, na picha yote hutokana na kuhesabu visanduku. Kwa hiyo mshono wa kwanza ndio unaopanga mahali pa mishono mingine yote, hata ile itakayoshonwa miezi mitatu baadaye. Ukikosea rangi utafumua sehemu ndogo, lakini ukikosea mahali pa kuanzia, huenda ukafumua kila kitu.

Mimi nililijua hilo kwa jogoo. Chati yake ilikuwa na misalaba 112 kwa upana na 154 kwa urefu, na kitambaa nilichokikata kilikuwa cha inchi 12 kwa 15, kipimo ambacho kingetosha. Nilikishika kitambaa kimelala badala ya kusimama, nikashuka inchi 2 kutoka ukingo wa juu, nikaanza na upanga wa kichwani. Picha ilihitaji inchi 11 za urefu, nami nilikuwa nimebakiwa na inchi 10 tu. Safu 14 za mwisho, yaani miguu na kucha, hazikuwa na kitambaa. Tangu siku hiyo sianzi kazi yoyote kabla ya kuandika neno JUU kwa penseli kwenye pembe ya kitambaa, mahali patakapokunjwa mwishoni.

Mara nyingi mahali pa kuanzia huchaguliwa kwa mazoea: aliyefundishwa kuanza katikati huanza katikati maisha yake yote, na aliyefundishwa kuanza pembeni humwona mwenzake kama mtu asiyejua kazi. Maoni yangu ni kwamba kila kazi ina mahali pake, na mahali hapo hupatikana kwa kuangalia kipimo cha kitambaa, umbo la picha na fremu utakayotumia.

Hatua ya kwanza: hesabu ya kitambaa

Kitambaa kinachotumiwa zaidi kwa kazi hii huitwa Aida. Kimefumwa kwa vikundi vya nyuzi vinavyofanya visanduku vidogo vyenye tundu katika kila pembe, na hutajwa kwa namba inayoonyesha idadi ya visanduku katika inchi moja: 11, 14, 16 au 18. Namba inavyokuwa kubwa, ndivyo misalaba inavyokuwa midogo na picha inavyopungua. Anayeanza kujifunza ninamshauri achukue Aida ya 14, kwa kuwa matundu yake yanaonekana bila kuyaumiza macho na chati nyingi zimepangwa kwa kuifikiria hiyo.

Ili kujua ukubwa wa picha, gawa idadi ya misalaba kwa namba ya kitambaa, kisha zidisha kwa 2.54 ukitaka sentimita. Tuchukue chati ya misalaba 140 kwa upana na 98 kwa urefu. Katika Aida ya 14 picha itakuwa ya inchi 10 kwa 7, yaani sentimita 25.4 kwa 17.8. Chati hiyo hiyo katika Aida ya 18 itashuka hadi takriban sentimita 19.8 kwa 13.8, na katika Aida ya 11 itapanda hadi takriban sentimita 32.3 kwa 22.6. Ukitumia kitani chenye nyuzi 28 kwa inchi, ambacho kila msalaba hupita juu ya nyuzi mbili, utapata kipimo kile kile cha Aida ya 14.

Kwenye kipimo hicho ongeza ukingo wa inchi 3 kila upande. Watu hupenda kubana hapa kwa sababu kitambaa ni ghali, lakini ukingo huo ndio unaoshikwa na fremu wakati wa kushona, na ndio unaokunjwa nyuma ya kadibodi picha inapokwenda kuwekwa kwenye kioo. Kwa mfano wetu, kitambaa kitakatwa inchi 16 kwa 13. Kingo zipigwe ovaloki kwa fundi cherehani, au zishonwe kwa mkono kwa mshono wa kuzungushia, kwa sababu Aida iliyoachwa wazi hufumuka kidogo kidogo hadi ule ukingo ulioupima unatoweka.

Hatua ya pili: kuitafuta katikati, hata kama hutaanzia hapo

Kunja kitambaa mara moja kwa upana na mara moja kwa urefu, ubonyeze kwa kidole bila kupiga pasi, kisha weka pini mahali mikunjo inapokutana. Baada ya hapo piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa kushonea wa rangi tofauti na kitambaa, ukifuata mikunjo yote miwili kutoka ukingo hadi ukingo. Upande wa chati, tafuta mishale midogo iliyowekwa kwenye kingo nne. Mstari unaounganisha mishale ya juu na ya chini, ukikatana na ule wa kulia na kushoto, huonyesha katikati ya picha.

Kuna jambo moja dogo hapa ambalo huwasumbua wengi. Idadi ya misalaba ikiwa shufwa, kama 140, katikati huangukia kwenye mstari wa matundu, kati ya msalaba wa 70 na wa 71. Idadi ikiwa witiri, kama 141, katikati huwa ndani ya msalaba wa 71 wenyewe. Asiyelitazama hilo husogea kisanduku kimoja, na kisanduku kimoja kwa picha ya ukutani si tatizo hata kidogo. Hata hivyo, kwa kazi ambayo pande mbili zinatakiwa kulingana na pindo lililokwisha kushonwa, jicho litaliona.

Bandi hii ya katikati ipigwe hata na mtu aliyeamua kuanza pembeni. Ndiyo shahidi wako: ukifika msalaba wa 70 na bandi haipo hapo, umekosea kuhesabu, na umegundua ukiwa nusu ya safari.

Hatua ya tatu: kuchagua

Kuanzia katikati ndiyo njia ya usalama. Kama umekosea kidogo hesabu ya kitambaa, kosa hugawanyika pande zote nne na ukingo hupungua sawasawa, badala ya upande mmoja kukosa kitambaa kabisa. Njia hii huwafaa wanaoanza kujifunza, na huifaa picha iliyosimama peke yake kwenye kitambaa kitupu, kama ua, ndege au jahazi, ambayo uzuri wake unategemea kukaa katikati ya fremu. Huafikiana vizuri pia na fremu ya duara ya sentimita 15 hadi 20, ambayo huhamishwa kufuata sehemu inayoshonwa.

Hata hivyo, “kuanzia katikati” hakumaanishi kwamba msalaba wa kwanza lazima uwe ule wa katikati hasa. Mara nyingi hapo katikati ya chati hakuna kitu, kwa mfano kwenye shada la maua lenye umbo la duara, au pana misalaba ya rangi sita iliyotawanyika kama mchele uliomwagika. Kuanzia kwenye mchanganyiko huo ni kujitafutia taabu. Tazama chati, utafute fungu la rangi moja lenye misalaba 20 au zaidi lililo karibu na katikati, uhesabu visanduku kutoka katikati hadi kwenye msalaba mmoja wa fungu hilo, kisha uhesabu tena ukipita njia nyingine: kama mara ya kwanza ulikwenda kulia kisha juu, safari hii anza juu kisha kulia. Majibu mawili yakikutana kwenye tundu lile lile, hapo ndipo pa kuanzia. Fungu la rangi moja likishakaa, huwa kama kituo ambacho rangi nyingine zote huhesabiwa kutokea hapo, na kuhesabu visanduku vitatu kutoka kwenye ukingo wa jani ni rahisi kuliko kuhesabu arobaini kutoka mahali patupu.

Kuanzia pembe ya juu kushoto ni njia ya kazi kubwa, hasa picha ambazo kila kisanduku hushonwa, pamoja na anga na ardhi, na chati yake hujaza kurasa nyingi. Katika kazi kama hiyo hakuna sehemu tupu ya kupotelea, kwa hiyo faida kubwa ya katikati hupungua, na zinakuja faida nyingine. Ukurasa wa kwanza wa chati hukamilika kabla ya kwenda wa pili, na mkono wa anayetumia mkono wa kulia haulali juu ya sehemu iliyokwisha kushonwa. Kwenye fremu ya kuviringisha, yenye vijiti viwili vya mviringo juu na chini, sehemu iliyokamilika huviringishwa na kuondoka machoni. Anayetumia mkono wa kushoto mara nyingi huona raha zaidi akianzia pembe ya juu kulia, na hakuna sababu ya kumlazimisha vinginevyo.

Sharti la njia hii ni kupima. Kwa kitambaa cha mfano wetu, shuka inchi 3 kutoka juu na uingie inchi 3 kutoka kushoto, kisha hakikisha kutokea kwenye bandi ya katikati: kutoka bandi ya wima hadi mahali ulipopata ziwepo visanduku 70, na kutoka bandi ya mlalo ziwepo safu 49. Zisipokuwepo, iamini hesabu ya visanduku, usiiamini futi, kwa kuwa kitambaa hakifumwi kwa usahihi kamili na kinaweza kuvutika kidogo upande mmoja.

Njia ya tatu, ambayo binafsi siipendi, ni kuanza na fremu iliyochorwa kwenye chati, yaani ule mstari au pambo linalozunguka picha. Inavutia kwa sababu inaonyesha mipaka mapema. Lakini mstari wa msalaba mmoja unaoizunguka picha ya 140 kwa 98 una misalaba 472, na kosa la kisanduku kimoja popote katika hiyo 472 halitajulikana hadi mwisho unapokataa kukutana na mwanzo. Wakati huo mtu huwa hajui kosa liko upande gani kati ya pande nne. Ni afadhali kushona picha kwanza, kisha fremu yake ihesabiwe kutoka kwenye picha, kidogo kidogo, pande zote.

Kuhusu rangi, jambo la kuzingatia ni usafi. Nyeupe na rangi nyingine hafifu zikishonwa mwanzo hukaa chini ya mkono kwa muda wote wa kazi na hushika uchafu. Tena ukishona nyeusi au nyekundu kando yake, vinyuzi vya rangi kali huvutwa na sindano hadi kwenye matundu yale yale. Kwa hiyo, panapokuwa na hiari, fungu la kuanzia liwe la rangi ya kati au ya giza, na nyeupe isubiri.

Kuvunja kitambaa kwa makumi

Chati nyingi zina mistari minene kila baada ya visanduku 10. Ukihamishia mistari hiyo kwenye kitambaa kwa bandi ya uzi mwembamba unaoteleza, hutahesabu tena zaidi ya kumi. Kazi hii huchosha na mimi huiruka kwa picha ndogo, ila kwa picha ya zaidi ya misalaba 100 kwa upana naiona ni lazima.

Angalia tu mahali pa kuanzia bandi zenyewe. Katika chati nyingi mistari minene huhesabiwa kutoka ukingo wa juu na wa kushoto wa picha, wala si kutoka katikati. Kwa picha ya upana wa 140, katikati ni baada ya msalaba wa 70, mahali penye mstari mnene, na hapo mambo ni mepesi. Kwa urefu wa 98, katikati ni baada ya safu ya 49, ilhali mstari mnene uko baada ya safu ya 50, yaani safu moja chini yake. Aliyepiga bandi zake zote kwa kuanzia katikati atakuta makumi ya kitambaa na makumi ya chati vimeachana kwa safu moja, naye atajilaumu kwa kosa asilolielewa. Wengine hutumia kalamu inayofutika kwa maji badala ya bandi. Inafaa, mradi pasi isipite juu yake kabla ya kufuliwa, kwa kuwa joto linaweza kuufanya wino ukatae kutoka.

Kwenye kitani kuna ujanja mmoja wa zamani. Anza msalaba wa kwanza kwenye tundu ambalo kando yake uzi wa mtande (unaokwenda kwa urefu wa kitambaa) unapita juu ya uzi wa mshindio (unaoukata kwa upana). Kwa kuwa kila msalaba huchukua nyuzi mbili, kila msalaba unaofuata utaanzia mahali palipofumwa vivyo hivyo, na ukikuta mtande umepita chini, jua kwamba umehesabu uzi mmoja au mitatu.

Maneno, na kitambaa cha meza

Kazi ya maneno huanzia katikati ya neno, na katikati hiyo haipatikani kwa kuhesabu herufi. Tuseme unataka kudarizi KARIBU kwa herufi zenye upana wa visanduku 7, isipokuwa I yenye visanduku 3, na nafasi ya visanduku 2 kati ya herufi na herufi. Jumla ni visanduku 48. Jicho litakuambia kwamba katikati ni kati ya R na I, kwa kuwa kuna herufi tatu huku na tatu huku. Lakini kati ya kisanduku cha 24 na cha 25 ni ndani ya R yenyewe, kabla ya safu yake ya mwisho ya wima. Lichore neno kwenye karatasi ya miraba, uiweke alama katikati hiyo, na uanze kushona R.

Kitambaa cha meza chenye ua kwenye kila pembe kina utaratibu wake. Hapa katikati ya kitambaa haina maana yoyote. Kinachoonekana ni umbali wa ua kutoka kwenye pindo. Basi pindo lishonwe kwanza, kisha hesabu visanduku kutoka kwenye pindo kwa pande zote mbili za pembe. Ukitaka nafasi ya sentimita 5 katika Aida ya 14, hiyo ni karibu visanduku 28. Tumia 28 hiyo hiyo kwa pembe zote nne, na uanze na msalaba wa ua ulio karibu zaidi na pembe.

Wengi wakimaliza pembe ya kwanza hukizungusha kitambaa ili pembe ya pili ije mbele yao, wakaendelea na chati ikiwa imesimama vile vile. Ua linatazama pembe yake vizuri, ila mishono imegeuka. Ukizungusha kitambaa kwa robo ya duara, uzi wa juu wa kila msalaba ulioelekea kulia sasa utaonekana umeelekea kushoto ukilinganisha na pembe ya kwanza, na mwanga ukiupiga, maua mawili yatakuwa na mng’ao tofauti na mawili mengine. Kizuie kitambaa, neno JUU likiwa juu daima, na uizungushe chati. Kukigeuza kitambaa nusu duara hakudhuru, kwa kuwa mwelekeo wa uzi hubaki ule ule.

Mshono wenyewe

Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi ndogo sita zilizosokotwa pamoja, na kwa Aida ya 14 hutumiwa mbili. Usifunge fundo nyuma, maana fundo hutokeza uvimbe picha inapowekwa kwenye kioo. Chukua uzi mmoja mdogo wa sentimita 90, uukunje katikati, upitishe ncha mbili kwenye tundu la sindano butu namba 24, na upande kutoka nyuma ya kitambaa ukiacha kitanzi kidogo. Shuka upande wa pili wa kisanduku, upitishe sindano ndani ya kitanzi kwa nyuma, uvute taratibu, na uzi umeshika. Ukihitaji uzi mmoja au mitatu, njia hii haifai. Badala yake acha mkia wa sentimita 3 nyuma na uushikilie kwa kidole hadi mishono minne au mitano ya kwanza iufunike.

Shona safu moja ya misalaba kumi, ukiangalia kwamba nyuzi zote za juu zinaelekea upande mmoja, kisha usimame. Ondoa fremu, tandaza kitambaa mezani, na uhesabu kutoka kwenye safu hiyo hadi mahali picha itakapoishia juu, chini, kulia na kushoto, ukiweka pini kila mwisho. Kutoka kila pini hadi ukingo wa kitambaa pawe na inchi 3, au angalau 2. Pini ikiangukia nje ya kitambaa, kata uzi na ufumue hiyo misalaba kumi papo hapo.